Yadi ya kuacha gari Mokowe: gari yalala salama, bei ndo yazunguka

Kila likizo ikikaribia naulizwa na watu, hasa wa Malindi na Mombasa wanaotaka kwenda Amu, yani Lamu, na gari zao, kwamba gari waiacha wapi na watozwa ngapi. Sasa nimeona niandike hapa mara moja kila mtu asome.

Kwa asiyejua, kisiwani gari haivuki. Barabara ukitoka Malindi, ukapita Sabaki, Gongoni, Garsen, Witu, mpaka Hindi, yaishia Mokowe pale jeti na hapo ndo mwisho wa tairi. Mbele ni maji. Wavuka na boti na mizigo yako, ukifika ng'ambo ni miguu, punda na mikokoteni, vichochoro vyenyewe vya mji punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kwa hivo gari itabaki bara utake usitake, na pale inapobaki ndo pana biashara ya watu.

Yadi ninayoisema sitaitaja jina. Mazuri yake ni yake lakini kasoro zake nimezisikia kwa watu waliopaki yadi zengine pia, na pia sitaki kijana wa watu afukuzwe kazi kwa sababu yangu. Nikwambie tu ni ya mtu binafsi, si mbali na jeti, waweza kutembea na begi mkononi kama hujabeba nyumba nzima.

Nianze na mazuri manake yako. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, mrefu, mtu hachungulii. Geti ni la chuma na lafungwa usiku kikweli, si ile ya kuegemezwa na jiwe. Kuna mabanda ya makuti yanayotosha gari kadhaa, na ukiwahi asubuhi wapata kivuli, ukichelewa waekwa juani na jua la Mokowe waijua dashibodi yako itakavorudi. Taa mbili usiku. Kamera nimeiona moja imetazama geti, kama yarekodi ama ni ya kutisha watu hilo ni la mwenye yadi. Alafu kuna mzee wa zamu ya usiku ambaye kwa kweli ndo yadi yenyewe. Mimi niko Amu nimekaa zangu barazani naona simu, ni yeye, ananambia tairi lako la nyuma latoa pumzi, lishakaa chini, nimuite fundi asubuhi ama wangoja urudi? Nikamwambia mzee muite. Narudi nakuta panchari imezibwa, msumari kaniekea juu ya dashibodi nione kwa macho yangu, na pesa aliyonidai ni ile ile ya fundi, hata shilingi ya chai hakuongeza, mpaka nikamlazimisha kuipokea.

Chini ni mchanga na changarawe kidogo. Kiangazi hakuna neno ila vumbi. Masika sasa usiulize, ule upande wa nyuma washika maji na mwenye Vitz atasukumwa. Ukienda mwezi wa nne ama wa tano lilia upande wa geti.

Funguo wanataka uwachie. Hapo watu wengi hukasirika lakini ukiwa na akili waelewa, gari zimepangwa zimebanana na wa nyuma akitaka kutoka lazima wa mbele isogezwe. Mimi huwacha, lakini napiga picha maili na geji ya mafuta mbele ya yule kijana, kwa heshima, huku tunacheka, na yeye mwenyewe haoni vibaya. Wengine hawataki upige picha. Hao ondoka.

Haya sasa tuje kwenye pesa.

Kuingia, kijana wa geti aliniambia mia tatu kwa siku gari ndogo. Sawa. Hakuna ubao, hakuna karatasi, bei iko mdomoni. Kutoka nikamkuta kijana mwengine, zamu nyengine, ana daftari. Akafungua akahesabu kwa kidole, akanitajia jumla yake, nikaona hapana, hii yangu na yako hazikutani.

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, umehesabu vipi?"

"Mia tatu kwa siku, bwana. Yaanza Ijumaa, siku uliyoingia."

"Ijumaa niliingia jioni, jua lishazama karibu."

"Si ilikuwa bado Ijumaa?"

"Na leo nimekuja asubuhi hata chai sijanywa."

"Na leo pia ni siku, sheikh. Ushaingia." Akacheka, na mimi nikacheka, manake kwa hesabu yake hajakosea popote. Alafu chini ya hapo kukawa na ya mlinzi wa usiku, hiyo ni mia nyengine kwa kila usiku, ambayo siku ya kuingia hakuna aliyeitaja. Mimi nikadhani mlinzi yumo ndani ya ile mia tatu, sasa mia tatu ni ya nini kama si kulindwa, ya mchanga?

Tufanye mfano tu uone tatizo liko wapi. Gari iingie Ijumaa saa kumi jioni itoke Jumapili saa tatu asubuhi. Hayo ni masaa 41. Ukihesabu kwa tarehe ni siku tatu, mia tisa. Ukihesabu usiku iliolala ni mbili, mia sita. Ukihesabu kwa masaa 24, moja kamili na ya pili haijaisha, ni mia sita tena. Gari ni ile ile, mchanga ule ule, kivuli kile kile, na hakuna aliyedanganya. Ila mwenye daftari ndo huchagua hesabu ipi, na huchagua ukiwa ushafika getini na boti iliyokuleta ishaondoka na watoto washachoka na safari ya kurudi Malindi bado yote iko mbele yako. Utabishana? Utalipa. Na msimu wa Maulidi, ama ile sikukuu ya utamaduni ya Amu inayofanywaga mwisho mwisho wa mwaka, ile mia tatu yenyewe huiskii tena, bei ya pale inakuwa kama ya samaki jioni sokoni, yategemea umekuja saa ngapi na una haraka kiasi gani.

Malipo ni kwa M-Pesa lakini kwa namba ya mtu, sio till ya biashara. Risiti nikaomba, nikapewa kipande cha daftari kimeandikwa jumla peke yake. Wa kampuni mnaodai pesa ya safari ofisini, hicho mhasibu wenu atakitazama tu.

Sasa nina mtoto wa ami yangu yuko Marekani, jimbo la Texas, siku moja nilikuwa namlilia haya kwenye simu akanambia wewe wacha, mimi gari yangu ilivutwa na brekdauni usiku kutoka pale kwenye fleti tunapokaa, nimeamka haipo, nimeenda kuitafuta nimeikuta yadi. Nikajua hapo sasa kaliwa vizuri. Akasema hapana. Amelipa, na kaumia, lakini kila kitu kilikuwa kimebandikwa ukutani pale dirishani pa kulipia na kila shilingi ina sheria yake. Kule kuna idara ya jimbo, waiita TDLR, ndo yatoa leseni kwa hizi yadi za kuhifadhi magari na sheria ya jimbo imeziekea dari ya bei, yani kiwango wasichoruhusiwa kupita. Kwa miaka mingi dari ilikuwa dola 20 kwa siku kwa gari isiyozidi futi 25, na dola 35 iliyo refu zaidi ya hapo, baadaye idara ikaruhusiwa kuisogeza kidogo kufuata gharama za maisha. Ya kumtumia mwenye gari barua ya kumjulisha gari yake iko pale haitakiwi kupita dola 50. Na yadi ikinyamaza kimya bila kutuma barua haiwezi kudai zaidi ya siku tano za kulala, kwa hivo huwezi kuificha gari ya mtu ukahesabu mwezi mzima.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile ada nyengine ya kupokea gari, ambayo nayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 20. Hiyo huwezi kuitoza hivi hivi. Yadi lazima iwe imefanya kazi fulani: kama dirisha limevunjika ulifunike na turubai ama plastiki, vitu vilivyo wazi ndani uviandike orodha, utafute usajili wa gari. Yani pesa ina kazi iliyoshikana nayo. Na yadi yenyewe lazima iwe na uzio wa futi sita na chini pawe pagumu pasishike matope, lami, kokoto, hata makombe ya baharini yanakubalika. Nikamwambia makombe? Basi sisi huku twaweza kufungua yadi kumi.

Na kuhusu hesabu ya siku, hapo nilitaka anambie kwamba Texas wahesabu kwa haki ili nipate la kumchapia yule kijana wa daftari. Kumbe hata wao siku ni tarehe, hata kama gari haikumaliza masaa 24. Afadhali yao ni moja tu: gari ikikaa chini ya masaa 12 haitozwi zaidi ya siku moja, kwa hivo ukiingia saa tano usiku ukatoka alfajiri huwezi kulipishwa mbili. Kwa ule mfano wangu wa Ijumaa na Jumapili, Texas pia ingekuwa tatu. Lakini angalau wajua ni tatu kabla hujafungua mlango wa gari. Hicho ndo ninachokitaka mimi, sio bei ya chini.

Kuna rafiki yangu nilipomsimulia akanijia juu, akasema wewe wachanganya mambo, wale wa Texas gari zao zimevutwa kwa nguvu, hawakuchagua yadi, ndo maana serikali ikaingilia kati. Wewe gari yako uliendesha mwenyewe ukaingiza mwenyewe, bei hutaki si upaki kwengine. Nikamkubalia nusu. Ni kweli ile sheria yao kubwa yake ni gari iliyochukuliwa bila mwenyewe kukubali, na aliyechagua hahitaji kulindwa kama aliyevutwa. Lakini nusu ya pili aje aniambie pale Mokowe kuchagua ni kupi? Barabara imeisha. Boti imewasha mashine, nahodha anaita, mabegi yashachukuliwa na hamali, utaanza kuzunguka yadi baada ya yadi uulize siku zenu mwahesabu vipi? Na hizo zengine nazo bei zao ziko mdomoni vile vile.

Mahali ambapo maneno ya Texas yaingia sawa sawa bila kupunguza ni hapa kwetu Malindi, kwenye yadi za magari ya ajali. Ami yangu mwengine alikuwa na Probox, ikagongwa, yeye salama alhamdulillahi, gari ikavutwa na brekdauni ikapelekwa yadi moja ya mtu binafsi mjini. Yeye hakuichagua, alikuwa hospitali. Alafu subiri polisi waikague. Subiri asesa wa bima aje kutoka Mombasa, leo aja, kesho aja, gari iko barabarani, ana mazishi. Siku zote hizo kaunta ya yadi yazunguka. Alipokuja kuambiwa haya njoo uchukue, pesa ya kulala imeshinda ya kuvutwa, na mwenye yadi hakuwa na haraka hata kidogo, kwa nini awe nayo, kila asesa akichelewa yeye anakula. Mzee akauza ile gari pale pale ndani ya yadi kwa bei ya kutupa.

Hapo mimi nataka dari ya serikali bila kigugumizi. Ya kuvuta iwe na kiwango, ya kulala iwe na kiwango, na siku ambazo gari imezuiwa na karatasi za polisi ama bima zisihesabiwe kwa mwenye gari kama za mtu aliyesahau. Madalali wa mahakama wana kanuni zao tangu 1997 zenye jedwali la ada, hata kama watu huzilalamikia angalau kuna jedwali la kulalamikia.

Na mtu asiniambie serikali haina mkono. Katiba ya 2010 ile jedwali ya nne imeipa kaunti mambo ya usafiri wa kaunti, na pakingi imetajwa kwa jina. Imeipa leseni za biashara, na imeipa kuhakikisha biashara zafanywa kwa haki. Ada zinazotozwa na kaunti yenyewe zapitishwa na MCA, wale wabunge wa kaunti, kwenye sheria ya fedha, na wananchi waitwa kutoa maoni, japo wengi wetu siku hiyo tuko sokoni. Na kifungu cha 46 chasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kile anacholipia. Bei na namna ya kuhesabu siku, kama hiyo sio habari basi habari ni gani?

Kwa hizi za Mokowe lakini nisingependa kaunti ianze na bei moja kwa wote. Nimeona yanavoenda. Ukisema dari ni mia tatu, kesho kila kiwanja chenye kamba na kijiti kitatoza mia tatu, hata wale waliokuwa wakichukua mia na hamsini, na yule mwenye ukuta, mabanda na mzee wa usiku atauliza kwa nini ajisumbue, atampunguza mzee. Mzee ndo aliyeona tairi. Mimi ningependa leseni ya yadi iwe na masharti mepesi tu: ubao getini, herufi kubwa, bei ya gari ndogo, Noah, lori na pikipiki, siku yahesabiwa vipi, mlinzi yumo ama hayumo, na bei ya Maulidi kama ni nyengine iandikwe pia na tarehe zake. Risiti yenye saa ya kuingia na ya kutoka. Afisa wa leseni huja kila mwaka kuangalia leseni imetundikwa, akiwa pale pale si atazama na ubao.

Nilimwambia mwenye yadi hayo. Ni mtu muungwana, alikuja mwenyewe niliposema sikubaliani na ya mlinzi. Akanikaribisha kahawa, akasema ubao alikuwa nao zamani, watu wakawa wauangalia tu wakienda kwa jirani aliye chini ya bei kwa mia, na jirani hana hata taa. Sasa kama wote hawana, akasema, mimi nitaekaje peke yangu? Na nikaona ana haki, mwenye kuandika ndo huumia ikiwa wengine hawaandiki, ndo maana lazima iwe amri ya wote. Ile ya mlinzi akaniondolea. Sikupenda pia kuondolewa, manake nimeondolewa kwa sababu nimeongea, na yule mama aliyekuwa nyuma yangu na Noah akalipa zote kimya.

Kwa hivo nitarudi? Nitarudi, gari yangu sijapata mahali pengine Mokowe pa kuiacha nikalala Amu usingizi. Nyota tatu na nusu, moja nzima ikiwa ni ya mzee wa usiku. Ukienda fanya hivi: fika kabla ya saa nne upate banda, uliza mbele ya mtu mwengine siku yenu ni tarehe ama ni masaa 24 na mlinzi yumo ama hayumo, mwambie kijana aandike jibu kwenye daftari lake pembeni ya namba ya gari, alafu lipige picha hilo daftari. Hawakatai, nimeona wengine wafanya. Gari yenye betri chovu mwambie mzee akuwashie baada ya siku mbili tatu, na umpe chake mkononi, sio kwa ile namba ya M-Pesa ya getini. Choo kipo, kisafi, maji ya mtungi.

Na wewe uliyepaki yadi zile za nyuma karibu na njia ya Hindi hebu niandikie hapa chini walikutoza ngapi na walihesabu vipi, hasa wenye malori.